Moto Hauzimwi kwa Gari Jekundu Pekee

Kila moto mkubwa unapotokea mjini, swali la kwanza la umma huwa ni lile lile: gari la zimamoto lilikuwa wapi? Likifika limechelewa, dereva hulaumiwa. Likifika halina maji, kamanda hulaumiwa. Baada ya wiki moja hutolewa ahadi ya kununua magari mapya, na mjadala hufungwa hadi moto mwingine utakapoufungua. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba swali hilo ni halali, ila linaanzia mwisho wa hadithi. Kabla ya gari kufika mlangoni pa nyumba inayoungua, kuna maamuzi mengi ambayo ama yalifanywa au hayakufanywa, na mengi kati ya hayo hayahusu gari hata kidogo.

Kulieleza jambo hili sijapata mfano bora kuliko historia ya watengenezaji wa kwanza wa mashine na magari ya zimamoto nchini Marekani. Historia hiyo husimuliwa kwa kawaida kama msafara wa wavumbuzi: pampu ya mkono, kisha mvuke, kisha injini ya petroli. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Katika karne mbili hizo, kilichokosekana mara nyingi si ufundi. Mafundi walikuwepo, na mashine zilibuniwa mapema. Kilichochelewa ni uamuzi wa umma: nani azimiliki mashine hizo, nani azinunue, kwa viwango vipi, na kwa ajili ya nani. Miji iliteketea na watu walikufa katika pengo lililokuwa kati ya mashine na uamuzi.

Ndoo, pampu na mhunzi aliyefungwa

Mwaka 1731 mji wa New York ulipokea pampu mbili za mkono kutoka London, kazi ya fundi Richard Newsham. Miaka mitano baadaye, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake wakaanzisha Union Fire Company mjini Philadelphia, chama cha wakazi walioahidiana kusaidiana nyumba inaposhika moto, kila mmoja akija na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea mali. Pampu za enzi hizo zilikuwa masanduku yenye maji, zikisukumwa na watu waliojipanga pande mbili, wakipandisha na kushusha mikono mirefu ya mbao kwa mwendo mmoja. Kazi hiyo ilimchosha mtu kwa dakika chache tu, hivyo watu walipokezana, huku wengine wakipitisha ndoo mkono kwa mkono ili tangi lisikauke.

Utegemezi wa mafundi wa London haukudumu. Mwaka 1768 Richard Mason alianza kutengeneza pampu mjini Philadelphia. Katika eneo la Boston, William Hunneman, aliyejifunza ufundi wa shaba kwa Paul Revere, alianzisha karakana ambayo yeye na warithi wake waliiendesha kwa miongo mingi, wakatoa pampu zaidi ya 700. Hata hivyo, fundi ninayependa wanafunzi wamfahamu zaidi ni Patrick Lyon, mhunzi mhamiaji wa Philadelphia aliyekuja kusifika kwa pampu zake zenye nguvu.

Mwaka 1798 Benki ya Pennsylvania iliibiwa zaidi ya dola 162,000. Milango ya hazina haikuvunjwa. Lyon ndiye aliyekuwa ameshughulikia makufuli ya milango ile muda mfupi kabla ya wizi, na hilo likatosha kumtia hatiani machoni pa wakubwa wa benki. Wakati wa wizi alikuwa Delaware, alikokwenda kukimbia homa ya manjano iliyokuwa ikiua watu mjini. Aliposikia kwamba anatuhumiwa, alirudi Philadelphia kwa hiari yake ili kujieleza. Akafungwa katika gereza la Walnut Street kwa miezi mitatu. Mwizi halisi alijulikana kwa sababu aliweka fedha zilizoibwa katika benki ile ile aliyoiibia, lakini hata baada ya kukiri kwake Lyon hakuachiwa mara moja. Aliwashtaki waliomfunga, na mwaka 1805 baraza la wazee wa mahakama likamtunukia dola 12,000. Shauri likamalizika kwa maelewano ya dola 9,000.

Alipotajirika, Lyon alimwagiza mchoraji John Neagle amchore. Hakutaka kuchorwa kama bwana mkubwa. Alitaka achorwe akiwa amevaa aproni ya ngozi kando ya tanuri lake, nyundo mkononi, na nyuma yake, dirishani, uonekane mnara wa gereza lile. Picha hiyo, iliyokamilika mwaka 1827, inasema jambo ambalo vitabu vingi vya historia ya teknolojia hulipita: jamii inaweza kuhitaji mikono ya fundi kwa usalama wake, na papo hapo ikamwona fundi huyo kuwa mshukiwa wa kwanza kwa sababu tu ana ujuzi na hana cheo.

Mashine ya wote iliyomilikiwa na wachache

Kwa muda mrefu pampu hizi zilikuwa mikononi mwa vikundi vya wazimamoto wa kujitolea. Nisieleweke vibaya: kujitolea kulikuwa jambo tukufu, na maelfu ya nyumba ziliokolewa kwa njia hiyo. Pampu ilipambwa, ikapakwa rangi, ikapewa jina, ikapendwa. Lakini kitu kinachopendwa na kikundi kimoja kinaweza kugeuka silaha dhidi ya kikundi kingine. Kadiri miji ilivyokua, vikundi vilianza kushindana nani afike kwanza kwenye maji, kisha kupigana ngumi na mawe barabarani huku jengo likiendelea kuungua.

Tuulize pia ni nani hakuruhusiwa kuishika pampu. Mwaka 1818 raia weusi wa Philadelphia waliamua kuunda chama chao cha kuzima moto. Vikundi vya wazungu vilipinga kwa nguvu, na chama kile hakikudumu. Na mjini New York, simulizi za wazimamoto zinamkumbuka Molly Williams, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa, ambaye wakati wa dhoruba ya theluji ya mwaka huo huo aliikamata kamba ya pampu ya kikosi cha Oceanus nambari 11 na kuivuta pamoja na wanaume wachache waliokuwepo. Nguvu zake zilikubaliwa. Uhuru wake ulikuwa suala jingine.

Siasa nazo hazikukaa mbali. William Tweed, ambaye jina lake lilikuja kuwa kielelezo cha ufisadi wa mjini New York, alipanda ngazi ya kwanza ya umaarufu akiwa msimamizi wa kikosi cha pampu cha Americus nambari 6. Chui mwenye milia aliyechorwa kwenye pampu ile ndiye baadaye aliyegeuka nembo ya genge la kisiasa la Tammany katika vibonzo vya magazeti. Kikosi cha zimamoto kilikuwa mtaji wa kura.

Mvuke ulivyosubirishwa

Hapa ndipo hoja yangu inapojidhihirisha. Mashine ya kuzima moto kwa nguvu ya mvuke ilijengwa London mwaka 1829 na Braithwaite na Ericsson. Mwaka 1841 Paul Hodge alikamilisha ya kwake mjini New York, kwa fedha za kampuni za bima zilizochoka kulipa fidia. Ilifanya kazi. Ilisukuma maji juu ya mapaa bila kuhitaji makumi ya watu. Lakini wazimamoto wa kujitolea hawakuitaka, kwa kuwa mashine isiyohitaji mikono mingi haihitaji pia kikundi kikubwa, na kikundi kidogo hakina sauti siku ya uchaguzi. Ikaachwa.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka mji mmoja upate ujasiri. Mjini Cincinnati, Abel Shawk na Alexander Latta walijenga mashine ya mvuke, nzito mno, iliyopewa jina la “Uncle Joe Ross” kwa heshima ya diwani aliyeitetea. Ilijaribiwa siku ya kwanza ya mwaka 1853. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Cincinnati ikaanzisha idara ya zimamoto ya waajiriwa wanaolipwa mshahara, chini ya Miles Greenwood, mwenye kiwanda cha chuma aliyekuwa amesaidia kazi ile. Angalia mpangilio: mashine na ajira zilikuja pamoja. Baraza la mji halikununua chombo tu. Lilibadilisha uhusiano kati ya mji na watu wanaoulinda.

Baada ya hapo viwanda vikachanua. Amoskeag, kampuni ya nguo ya Manchester katika jimbo la New Hampshire, ilianza kutengeneza mashine za mvuke mwaka 1859. Silsby wakafanya hivyo Seneca Falls, na mwaka 1868 Chris Ahrens akairithi kazi iliyoanzishwa na Latta. New York iliachana na vikundi vya kujitolea mwaka 1865, Philadelphia mwaka 1871. Watu husema viwanda viliipa miji idara za kisasa. Ukifuata tarehe utaona kinyume chake: miji iliyoamua kuwa mnunuzi na mwajiri wa kuaminika ndiyo iliyovipa viwanda soko la kukulia.

Na hata mashine bora ilibaki mateka wa vitu vilivyoizunguka. Mwaka 1872 mafua makali ya farasi yalienea Amerika Kaskazini. Moto mkubwa ulipozuka Boston mwezi Novemba mwaka huo, farasi wengi walikuwa wagonjwa, na mashine za mvuke zikalazimika kuvutwa na watu. Vikosi vilivyokuja kusaidia kutoka miji mingine vilikuta mipira yao ya maji haishiki kwenye mabomba ya Boston. Majengo zaidi ya 700 yakateketea.

Viungio vya Baltimore

Mwaka uliofuata, 1873, makamanda wa zimamoto wa miji ya Marekani walikutana kwa mara ya kwanza kama chama cha kitaifa. Moja ya mambo waliyoyajadili ni haja ya kuwa na kiungio kimoja cha mipira ya maji nchi nzima. Mkutano huo ulifanyika Baltimore.

Kumbuka jina la mji huo. Jumapili ya tarehe 7 Februari 1904, miaka 31 baadaye, moto ulizuka katikati ya Baltimore. Telegramu zikapelekwa, na vikosi kutoka Washington, Philadelphia, New York na kwingineko vikaja kwa treni pamoja na mashine zao za mvuke. Walikuwepo wazimamoto zaidi ya 1,000. Lakini sehemu kubwa ya waliotoka nje hawakuweza kufunga mipira yao kwenye mabomba ya maji ya mji ule, kwa kuwa upana wa viungio na idadi ya meno ya skrubu havikulingana. Wengine walizungushia vitambaa kwenye maungio, maji yakavuja na nguvu ikapotea. Moto uliwaka kwa zaidi ya saa 30, na zaidi ya majengo 1,500 yakateketea.

Wataalamu wa ofisi ya viwango ya serikali, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1901, walichunguza na kukuta zaidi ya aina 600 za viungio zikitumika nchini. Kila mji ulikuwa na chake, na kila mtengenezaji alikuwa na chake. Mfanyabiashara hakuwa na sababu ya kulalamika: mji uliofungwa na kiungio chake ulirudi kwake kununua vipuri. Mwaka 1905 kiwango cha kitaifa kikapitishwa, lakini kwa hiari, na karne moja baadaye miji mingi mikubwa ilikuwa bado haijakifuata.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa watafakari kisa hiki. Pale Baltimore mashine hazikukosekana, maji hayakukosekana, wala ushujaa haukukosekana. Kilichokosekana ni kipande cha shaba kinachotoshea mkononi, na nyuma ya kipande hicho, uamuzi ambao kila mtu aliona ni wa busara na hakuna aliyepewa mamlaka ya kuutekeleza.

Ngazi iliyoishia ghorofa ya sita

Mwaka 1868 Daniel Hayes wa San Francisco alipata hataza ya ngazi ndefu ya kuinuliwa kutoka juu ya gari, hataza ambayo baadaye ilichukuliwa na kampuni ya LaFrance ya Elmira, New York. Frederic Seagrave naye alianza Detroit mwaka 1881 kwa kutengeneza ngazi za kuchumia matunda. Wazimamoto wakamwomba awatengenezee za kwao, na kampuni ikazaliwa. Injini ya petroli ikafuata: mwaka 1906 kampuni ya Waterous ya Minnesota iliuza gari lenye injini mbili, moja ya kuliendesha na nyingine ya kusukuma maji. Kufikia mwaka 1922 farasi wa mwisho wa zimamoto ya New York walikuwa wamestaafishwa.

Lakini tarehe 25 Machi 1911, moto ulipozuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, ghorofa ya nane hadi ya kumi, vikosi vilifika haraka na ngazi ikainuliwa. Ikaishia ghorofa ya sita. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli ili wafanyakazi wasitoke bila kupekuliwa. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiitaliano na Kiyahudi, na wengine walijirusha mbele ya macho ya umati. Mji uliwapa wenye mali ruhusa ya kujenga juu kuliko ngazi zake zilivyoweza kufika, na haukuwalazimisha kuacha milango wazi. Hakuna fundi wa Elmira wala wa Columbus ambaye angeweza kurekebisha hilo. Lilirekebishwa na vyama vya wafanyakazi, maandamano, tume ya uchunguzi na sheria mpya za viwanda. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake na kuifanyia kazi tume iliyofuata, alikuja kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani mwaka 1933.

Wanunuzi wengi, wauzaji wachache

Kuna upande wa mwisho ambao wanaharakati wasiupuuze. Mwaka 1891 kampuni nne za mashine za mvuke, zikiwemo Silsby na Ahrens, ziliunganishwa kuwa moja. Miaka tisa baadaye muungano huo ukameza na wengine, LaFrance wakiwemo, na mwaka 1903 ukachukua jina la American LaFrance. Ahrens walijitoa, wakajitegemea upya, na kwa ushirikiano na Charles Fox, aliyekuwa mzimamoto wa Cincinnati, wakatoa magari ya Ahrens-Fox, yenye tufe linalong'aa mbele ya pampu. Ushindani uliwapa wanunuzi nafuu kwa kitambo.

Ahrens-Fox walikoma kutengeneza magari katika miaka ya 1950. American LaFrance ilifunga milango mwaka 2014. Katika miaka ya karibuni majina mengi ya zamani yamenunuliwa na kukusanywa chini ya paa chache, na miji ya Marekani imelalamika kwamba bei zimepaa na gari lililoagizwa husubiriwa kwa miaka. Mwaka 2025 malalamiko hayo yalifikishwa mbele ya Baraza la Seneti. Taifa lililojenga viwanda hivi kwa fedha za walipa kodi wa miji yake limejikuta likipiga foleni mbele ya viwanda hivyo.

Sisi tujifunze nini?

Watakuwepo wa kuniambia kwamba bila wavumbuzi kusingekuwa na cha kununua. Ni kweli, na ndiyo maana nimewataja Lyon, Latta na Hayes kwa majina. Lakini uvumbuzi ulikaa dukani miaka kumi na zaidi ukisubiri baraza moja la mji kupiga kura.

Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu juu ya gari hili. Enzi za ukoloni, kuanzia Nairobi na Kampala hadi mwambao wa Tanganyika, ulienea uvumi kwamba wazimamoto, au mumiani, hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Wasomi wamekwisha kutuonyesha kwamba uvumi wa aina hii si upumbavu. Ni namna ya watu kusema kwamba chombo cha dola kimekuja bila wao kuulizwa, na hawajui kinamtumikia nani. Philadelphia pampu ilipendwa hadi ikapiganiwa; kwetu gari jekundu liliogopwa. Hali hizo mbili zina chanzo kimoja: swali la umiliki halikuwa limejibiwa kwa haki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari nyingine utakaposikia kwamba magari mapya ya zimamoto yamepokewa kwa shangwe na utepe kukatwa, furahi, kisha uliza. Je, viungio vyake vinalingana na mabomba ya mtaa wako na ya mji jirani? Vipuri vitatoka kwa nani, na kwa bei iliyopangwa na nani? Ngazi yake inafika ghorofa ya ngapi, na ni nani aliyeidhinisha majengo yaliyoizidi? Milango ya dharura ya kiwanda, ya soko, ya bweni, imekaguliwa lini, na ufunguo anao nani? Wanaolibeba jukumu hili wanalipwa nini, na wakieleza upungufu, wanasikilizwa au wanashukiwa kama Lyon?

Maswali hayo hayahitaji cheo. Mwanafunzi anaweza kuyauliza kuhusu bweni lake wiki hii, na mtumishi wa umma anaweza kuyaandika kwenye waraka wa zabuni kabla haijatangazwa. Makamanda waliokutana Baltimore mwaka 1873 walijua jibu sahihi, wakalijadili, wakarudi makwao. Mji uliowapokea ndio uliolipa gharama ya kusubiri.